Sufuria Niliyoifuata Busoro

Wiki ile mume wangu alishuka kutoka Walikale na habari moja. Kikosi chake kilikuwa kinahamishiwa mkoa mwingine, na familia zote zilitakiwa kuwa Masisi-kati Jumamosi asubuhi, tayari kupanda kamyo, lori la jeshi. Mimi na watoto tulikuwa Lushebere, katika nyumba ya kupanga, tukiishi kwa cherehani yangu. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia kwamba kabla ya Jumamosi lazima niende Busoro kuaga.

Busoro ni kijiji kidogo upande wa Walikale, ukishapita Kashebere, pale malisho ya ng'ombe yanapokwisha na msitu unapoanza. Tuliishi pale miaka mitano. Yeye alikaa kwenye kambi juu ya kilima, mimi na watoto tukakaa chini kijijini, kwa kuwa kule juu hakukuwa na nafasi wala maji. Binti yetu Rehema alipokelewa na mikono ya Mama Faida, jirani yangu, usiku ambao hakuna mtu aliyethubutu kutoka kutafuta muuguzi. Mwaka uliopita, risasi zilipokaribia, sisi wake wa wanajeshi tulirudishwa Masisi. Waume zetu walibaki.

Nilipoondoka nilimwachia Mama Faida sufuria yangu kubwa, na jambo hilo lina maana pale. Kabla yetu kulikuwa na kikosi kingine. Kilipohama, wake za askari wale waliaga wakicheka, wakasema wanaenda sokoni, kumbe sufuria zao wamezifunga ndani ya mashuka. Kijiji kikalala bila wasiwasi, na hakikuamka salama. Tangu hapo watu wa Busoro hawajali maneno ya kuaga. Wanatazama vyombo. Mke wa mwanajeshi akiacha sufuria, jeshi lipo. Akiibeba, jeshi linaondoka, nao wanahamia porini.

"Uende, uwasalimie, urudi," mume wangu aliniambia. "Ile sufuria uiache kule kule."

"Na wale wa kushika nafasi yenu watafika lini?"

"Sijue. Siku mbili, ao wiki mbili. Ata mukubwa wetu hajue." Akashusha sauti. "Mama Rehema, iyo maneno isitoke mu kinywa yako. Ikitoka, ni miye watafunga."

Jumatano alfajiri nilipanda moto, yaani pikipiki, kuelekea Nyabiondo. Mkobani nilikuwa na chumvi, kanga ya Mama Faida, na formaji mbili, jibini ya ng'ombe wa Masisi, zilizofungwa kwa jani la ndizi. Picha ya mume wangu akiwa na sare nilikuwa nimeifuta kwenye simu. Njia ilikuwa tope tupu. Kila penye mteremko dereva alinishusha, nikatembea nikishikilia mkoba kifuani huku yeye akisukuma.

Nyabiondo nililala kwa mama mmoja mshonaji tuliyezoeana sokoni. Kabla ya giza nilikaa kando ya njia, nikawauliza wanawake waliokuwa wakirudi na mizigo. Mwenye kutoka huko siku hiyo hiyo ndiye anayeijua njia.

"Njia iko ya kupita," mmoja alinijibu bila kusimama. "Ila usikawie, dada. Na usichekecheke."

Alhamisi nilitembea kwa miguu. Kashebere niliipita salama. Baada ya mto mdogo nilikuta kizuizi: mti umelazwa juu ya mapipa mawili, na vijana wenye silaha, wasio wa jeshi, chini ya turubai. Aliyenihoji alikuwa mwanamume mzima, amevaa kofia ya sufu ya rangi ya waridi, ya kike, na hakuna aliyekuwa akiicheka.

"Mama, unaendaka wapi?"

"Busoro. Kusalimia ndugu."

"Bwana yako iko wapi?"

"Iko Masisi na watoto. Ananingoja."

Aliufungua mkoba, akanusa formaji, akauliza kama imeoza. Nikamwambia ndivyo inavyonuka. Aliirudisha kwa ncha za vidole, akainua mti. Nilitembea bila kugeuka mpaka kona ya pili, ndipo nikaweka mkoba chini, nikaufunga upya.

Mchana niliingia Busoro. Watoto walinitangulia wakipiga kelele, na Mama Faida akatoka jikoni na mikono imejaa maganda ya maharagwe. Alinishika mabega, akanitazama uso kwa muda mrefu, kisha akatazama nyuma yangu kuona kama nimekuja na mtu. Nyuma yake, kwenye mafiga yale yale, sufuria yangu ilikuwa ikitokota. Imekuwa sufuria ya kijiji: imepika matanga, ndoa na sikukuu za kanisa.

Jioni majirani walijaa uani. Papa Faida, mume wake, ni mwindaji, na Jumapili ndiye anayeongoza sala kanisani. Alikata kipande cha formaji kwa panga, akakitafuna kwa uso wa mtu anayekunywa dawa.

"Batu ba Masisi," alisema, "munatuleteaka sabuni, munatuambia tukule."

"Basi uoge nayo," mke wake akamjibu. "Ni mwezi mbili hatujakunusa vizuri."

Watu walicheka, nami nikacheka. Halafu Papa Faida akaweka panga chini. Nilielewa kwamba kicheko kilikuwa kimetayarishwa ili swali lipite.

"Mama Rehema, kule juu tunaona wanashusha mabati. Siye hatuulize mambo ya serikali. Tunauliza kitu moja tu: ile sufuria, utaiacha ao utaibeba?"

Nilifikiria mume wangu. Nilifikiria pia maharagwe yaliyokuwa shambani, yamekauka nusu. Wakikimbia sasa watapoteza nusu ya chakula cha mwaka. Wakibaki, wanaweza kupoteza zaidi ya chakula.

"Papa Faida, nimechoka na njia," nilisema. "Muniache nilale kwanza."

Hakuna aliyenilazimisha. Mama mmoja mzee alisimama, akajipangusa vumbi la nguo, akasema, "Mutu mwenye ataiacha hangechoka," akaenda zake.

Ijumaa kulipopambazuka nilimkuta Mama Faida jikoni, moto haujawashwa. Nilikuwa nimewaza usiku kucha, na sasa nilikuwa nimeamua.

"Mama Faida, nipatie sufuria yangu."

Hakuuliza lini, wala kwa nini. Aliitoa nje mahali ambapo kila mwenye kwenda kisimani angemwona, akaisugua kwa majivu, ndani na nje, masizi ya mwaka mzima yakatoka. Aliisugua polepole. Wanawake waliopita na ndoo walisimama, wakatazama, wakarudi nyumbani bila maji. Muda mfupi baadaye nilisikia sauti za watu mashambani. Walikuwa wanavuna, yaliyokauka na yasiyokauka.

Kisha aliingia ndani, akatoka na mfuko, akaanza kumimina maharagwe ndani ya sufuria. Nilimshika mkono. Yalikuwa yamechanganywa na majivu, kama tunavyohifadhi mbegu zisiliwe na wadudu.

"Hizi ni mbegu zako!"

"Sufuria ya mutu hairudishwake tupu. Ulishasahau?"

"Utapanda nini?"

"Mu pori hatupandake maharagi, dada. Utatupandia weye."

Aliendelea kumimina. Alipomaliza alizungumza kama mtu anayepanga kazi ya siku. Watu wa kizuizi nao ni watoto wa huku, alisema, na maana ya sufuria wanaijua kama sisi. Mwanamke mwenye sufuria tupu anahama. Mwenye maharagwe anaenda soko. Basi nipite kijijini nikiwa nimeibeba kichwani wazi, wote waone, na kwenye nyumba ya mwisho tuiweke ndani ya kitunga, kikapu chake kikubwa cha soko.

Ndivyo tulivyofanya. Nilipita katikati ya Busoro na sufuria ile iking'aa kichwani, na watu waliniaga kwa kichwa tu, mikono yao ikiwa kazini. Mtu mmoja alikuwa akishusha mlango kwenye bawaba zake. Papa Faida, aliyekuwa akikunja nyavu zake za kuwindia, alisema, "Salimia Rehema. Mwambie sabuni yake ilikuwa tamu." Kwenye nyumba ya mwisho Mama Faida aliishusha sufuria ndani ya kitunga, akaongeza maharagwe mpaka ukingo wake ukafichika, akafunika kwa majani ya ndizi. Tulishikana. Hatukulia, kwa sababu anayelia haonekani kuwa anaenda soko.

Saa sita hivi nilifika kizuizini. Yule wa kofia ya waridi alifunua majani, akachota maharagwe kwa kiganja. Alichota tena, mkono ukazama. Nilijua vidole vyake vimebakiza kidogo kugusa aluminiamu.

Alipuliza majivu kiganjani. "Mama, hii ni mbegu. Nani anauzaka mbegu?"

Sikuwa nimetayarisha jibu la swali la mkulima.

"Siiuze," nilisema. "Nimepewa. Naenda kuipanda."

Alinitazama, akatazama njia niliyotoka, kuelekea Busoro. Hatimaye alirudisha yale ya kiganjani, yote, akafunika majani mwenyewe.

"Uwahi," alisema. "Mvua iko karibu kuisha."

Mpaka leo sijui alijua kiasi gani.

Nyabiondo nililala saa chache tu, nikaondoka usiku. Jumamosi asubuhi, Masisi-kati, mume wangu aliniona nikiteremka kwenye moto na kitunga. Aliinua jani, akaona ukingo wa sufuria. Rangi ya uso wake ilibadilika.

"Ulisema?"

"Sikusema kitu."

"Walikuona?"

"Wote."

Wenzake walikuwa wakipakia magodoro. Alikibeba kitunga mwenyewe, akakipandisha kwenye kamyo, akakisukuma mbele kabisa penye usalama. Hatujazungumza habari hiyo tena.

Wiki chache baadaye simu iliita. Alikuwa Papa Faida, amepanda kilima kutafuta rezo, mtandao wa simu. Waliokuja kushambulia Busoro walikuja kabla ya wanajeshi wapya, wakakuta kijiji kimehama. Walichoma nyumba kadhaa, jiko la Mama Faida likiwemo. "Sufuria yako ingekuwa makaa leo," alisema, na nyuma yake nikamsikia mke wake akimwambia aache kumaliza yunite za simu kwa upuuzi. Watu wote walikuwa hai, bado porini, wakila maharagwe mabichi mabichi.

Zamani niliona kuaga kuwa adabu ya mwenye kuondoka. Busoro nimejifunza kwamba ni haki ya wanaobaki, na kwamba asiyewapa haki hiyo huwaibia muda wa kuvuna.

Huku tulipo udongo ni mwekundu, mgumu, lakini mbegu ziliota. Mavuno ya kwanza sikuyapika. Nimeyachanganya na majivu, nikayaweka ndani ya sufuria ile ile, nikafunika. Napikia nyingine, ndogo. Ile ni ya Busoro, na siku njia itakapofunguka haitarudi tupu.