Chama Gani?

Kwetu pwani neno chama halina likizo. Mimi peke yangu nilikuwa na vyama vitatu: cha sufuria, ambamo kila mwezi mmoja wetu hununuliwa vyombo, cha kuzikana, na cha akina mama wa kanisani. Basi siku shoga yangu aliponiambia, mikono yetu ikiwa ndani ya shuka za wageni, "Mwenehu, ndugu yangu, tuunde chama," nilimjibu kuwa vyama nimeshiba.

"Si cha sufuria," akasema. "Cha wafanyakazi."

Tulikuwa watu wa dobi katika hoteli moja ya ufuoni, upande wa Watamu. Mimi ni wa Gede, yeye kwao ni Adu, na ulimi wake haujawahi kupigwa pasi. Wageni wakipungua tulirudishwa nyumbani bila hata kwaheri, wakirudi tukaitwa upya kama watu wasiojulikana. Aliyekuwa amelalamika hakuitwa. Ndiyo maana shoga yangu alikitaka hicho chama: kidole kimoja hakivunji chawa.

Meneja wetu alikuwa mtu wa bara, mcheshi asipoudhiwa. Alitusikia tukinong'ona chama, chama, akaja mbio na kicheko chake. "Akina mama, na mimi nitieni! Zamu yangu itafika lini?"

Maskini, alifikiri ni sufuria. Hakuna aliyemsahihisha. Alitupa hata chumba cha kulia chakula tukutanie humo baada ya kazi, akatuhimiza tusiache, maana chama huinua mama. Tulimshukuru sana.

Siku alipojua ni chama gani, kicheko kilikwisha. Hakupiga kelele. Alimwambia shoga yangu akapumzike nyumbani mpaka atakapoitwa, na sote tulijua kuitwa huko hakupo. Ana watoto wa shule na mama mgonjwa, na mshahara nyumbani kwake ni mmoja tu. Nilishikwa na hasira hata nikaunguza foronya ya mgeni, na sikujuta.

Uchaguzi ulikuwa umekaribia, tukaenda kwa mheshimiwa wetu, mwakilishi wa wadi, ambaye naye alikuwa akikiombea kiti chake. Shikamoo zilipokwisha nikamweleza: "Mheshimiwa, wafanyakazi wa hoteli yetu wote wanataka chama, na meneja anawakataza."

Alisimama. "Wote?"

"Wote, mheshimiwa."

Akaita kofia, akaita leso. Kabla hatujavuta pumzi tulikuwa tumeshavikwa rangi za chama chake, rangi zenyewe kali za kuumiza macho, na kijana wake anatafuta simu atupige picha.

"Ahsante, mheshimiwa," shoga yangu akasema, leso begani. "Lakini si chama chako. Ni chama chetu."

Mheshimiwa aliketi polepole. Mpaka leo nikikumbuka uso ule hucheka peke yangu jikoni.

Hata hivyo hakutunyang'anya leso, na hilo nampa. Alisema katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, na kwamba Jumatatu atakuja hotelini yeye mwenyewe. Mimi ahadi za msimu wa kura nimezila nyingi na hazishibishi, lakini Jumatatu alikuja, na kaunda suti imenyooka.

Meneja alitukaribisha ofisini kwa madafu. Alisema yeye hana neno na mama huyu. Aanze kazi hata leo hii, mradi mambo ya chama ayaache.

Mheshimiwa alipiga paja kwa furaha. "Yamekwisha! Dada, shukuru, urudi kazini."

Nami moyoni nilikuwa nimeshashukuru. Kazi ilikuwa hiyo pale mbele ya shoga yangu, na watoto wake nawajua kwa sura. Nilimbana mguu chini ya meza akubali.

Akautoa mguu wake. "Mheshimiwa," akasema taratibu, "na wewe ukiambiwa kiti ni chako, lakini chama chako ukiache mlangoni, utaketi?"

Mheshimiwa aliliweka dafu mezani. Nilimwona akifikiri, jambo ambalo kwenye mikutano sikuwahi kuliona. Kisha akamgeukia meneja.

"Anarudi na chama chake," akasema. "Na Jumamosi nitalisema hilo uwanjani, Gede, watu wote wasikie."

Alilisema kweli. Wenye hoteli waliokuwa wameketi mbele, wale wanaomsaidia kwenye kampeni, hawakupiga makofi. Tuliwapigia sisi, makofi yao na yetu.

Baada ya hapo meneja akamwita shoga yangu kazini. Asubuhi hiyo nilichelewa kidogo, nikamkuta ameshaanza, pasi mkononi, na juu ya meza ametandika ile leso ya mheshimiwa ili shuka zipate ulaini. Njia nzima nilikuwa nimejitungia maneno ya kumwambia. Yote yalipotea, nikalia kwa sauti kama mtoto.

"Lilia kule," akaniambia bila kuinua kichwa. "Hizi nishazipiga pasi."