Kidevu Juu na Picha Zisizo na Watu

Mtaa mzima ulimwita Kidevu Juu, na jina lake la kwenye kitambulisho alibaki kulijua yeye mwenyewe na ofisi iliyompa. Miaka thelathini na minne alikuwa akipiga picha za pasipoti kwenye chumba kimoja chenye kiti cha kuzunguka, shuka jeupe ukutani na feni inayolalamika. Kila aliyekikalia kile kiti aliambiwa maneno yaleyale: "Kidevu juu kidogo. Hapo hapo. Usipumue." Watu wakatoka pale wakapanda ndege, wakavuka mipaka, wakaoa huko, wakanenepa huko. Yeye safari yake ndefu ilikuwa ya kutoka studio hadi nyumbani, dakika kumi na mbili kwa miguu, kumi na tano goti likiamka vibaya.

Lakini umguse kwenye habari za picha za safari! Hapo alikuwa mwalimu, tena mkali. Bintiye wa pekee alipopata kazi ya kuzunguka na kamera nchi nzima, miezi minne tu baada ya kumzika mama yake, mzee alimkalisha kwenye kile kiti akampa somo.

"Sikiliza, mwanangu. Mlima upo tu, hata usipokwenda. Usiniletee mlima. Niletee njia uliyopita, halafu niletee mtu aliyekuona ukipita. Bila mtu, mimi nitajuaje kama ulifika?"

Binti akacheka, akambusu kwenye upara, akabeba begi lake.

Na kweli, mwaka wa kwanza alileta watu. Dereva wa lori amelala chini ya gari lake, mdomo wazi. Mwanamke mwenye ndoo kichwani anamcheka mpiga picha bila kumwaga hata tone. Picha ziliingia kwenye simu, mzee akazisafisha moja moja na kuzining'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Ukizitazama, vumbi unalisikia kooni. Naye kwa adabu akajibu kwa picha za nyumbani: birika jikoni na kikombe pembeni, kiti cha studio, mlango wa mbele. Chini yake anaandika, "Huku salama."

Salama gani? Tangu simu zijifunze kupiga picha, wateja walikuwa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja kwa wiki. Na tangu mke wake afariki, alikuwa anakula amesimama karibu na jiko, ili asikitazame kile kiti cha pili. Sasa hayo nayo unamwandikia mtoto? Akaandika salama.

Halafu binti akapata kazi kubwa zaidi, kwenye kampuni ya kalenda, na watu wakaanza kupotea. Likaja daraja, halina mtu. Likaja benchi la kituo cha basi, tupu. Dirisha la nyumba ya wageni, pazia limeshikwa na upepo. Meza yenye sahani moja. Kidevu Juu akazitundika na hizo, lakini kila akitundika moja, anaisogelea kumtafuta mtu ndani yake.

Kinyozi wa mlango wa pili akaja na kitana chake mkononi, akasimama kuzishangaa.

"Aisee! Hii hata benki wangeining'iniza ukutani."

"Huoni kwamba hakuna mtu?"

"Si ndiyo uzuri wake, mzee wangu? Pametulia."

"Rudi kwenye vichwa vyako," Kidevu Juu akamwambia.

Akapiga simu.

"Unakula, mwanangu?"

"Nakula, baba."

"Unakula na nani?"

"Na watu. Na wewe je, baba? Unakula na nani?"

"Mimi? Mimi nina mtaa mzima," akasema, kisha akajifanya mteja ameingia, akakata.

Picha ya saba ndiyo iliyommaliza. Barabara ya udongo inapanda kilima, na huko mwisho kabisa nyumba yenye bati la bluu. Hakuna nyayo, hakuna baiskeli, hakuna hata kuku. Chini binti ameandika: "Nipo hapa wiki tatu sasa." Mzee akaitazama mpaka chai ikapoa. Akamwona mwanawe ndani ya ile nyumba, anaongea na kuta. Anavyoishi yeye aliweza kuvumilia, lakini mtoto? Mtoto hapana. Asubuhi iliyofuata akaipigia simu kampuni ya kalenda, wakamwelekeza ni wapi, kisha akaandika "Nimesafiri" kwenye kipande cha boksi, akakibandika mlangoni, na kinyozi akadhani ni mzaha.

"Wewe? Unakwenda wapi?"

"Kumchukua mwanangu kabla upweke haujammaliza."

Alisafiri siku moja na nusu kwa basi, na kamera shingoni hakuigusa. Alikuwa ameishika ile picha ya bati la bluu kama tiketi. Kumbe picha ilikuwa imemficha mengi! Haikumwambia harufu ya breki zinazoungua kwenye mteremko. Haikumwambia kwamba baada ya kona fulani hewa inageuka baridi, na abiria wanafunga madirisha mmoja baada ya mwingine bila kuambiana. Mama aliyekaa naye akamenya chungwa, akamkatia nusu bila kuuliza. Mzee akalila polepole, akashangaa kuona machozi yanamlengalenga kwa ajili ya nusu chungwa.

Kelele za ile nyumba alizisikia kabla hajaliona bati lake. Vicheko, mbwa anabweka, mtu anagombezwa. Binti alikuwa uani, jicho kwenye kamera, mkono mmoja umenyooshwa nyuma kama polisi wa barabarani.

"Msipite mbele! Nawaomba, jamani, msipite mbele!"

Nyuma yake kulikuwa na mpishi wa nyumba ya wageni mwenye unga mpaka kwenye viwiko, dereva wa kampuni amekalia ndoo, na bibi wawili wa jirani waliokuja kutazama tu. Binti akageuka, akamwona baba yake getini na begi lake dogo. Rangi ikamtoka.

"Baba! Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukuchukua. Picha zako hazina watu."

Dereva akaangua kicheko mpaka ndoo ikamtupa. Binti alicheka kidogo tu.

"Watu wa kalenda ndio hawataki watu, baba. Akipita hata mmoja, narudia upya. Watu wangu wote wako nyuma yangu."

Mzee akatazama. Wote walikuwa pale, nyuma ya kamera, mahali ambapo yeye alikuwa amesimama miaka thelathini na minne, na hakuwahi kufikiria kuwatafuta hapo. Aibu ikamshika, na furaha pia, vyote kwa pamoja. Alishafungua mdomo kuomba radhi, mpishi akamwahi.

"Kumbe huyu ndiye baba wa birika?"

"Birika gani?"

"Si zile picha zako! Kila ukituma tunaonyeshwa wote. Tukasema, huyu mzee mbona siku zote kikombe kimoja?"

Bibi mmoja akamfinya mpishi, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Binti akamsogelea baba yake, akamshika mkono.

"Kikombe kimoja, baba. Kiti kimoja. Muda wote huu sijaona mtu hata mmoja, na mimi nimeogopa kukuuliza. Ulipokuwa unapiga zile picha, nyuma yako alikuwepo nani?"

Kidevu Juu akautafuta ule mtaa wake mzima, asiuone.

"Hakuna," akasema. "Tangu mama yako aondoke, hakuna. Nakula nimesimama, mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Dereva akainuka akaleta kiti, akakiweka katikati ya ua, wakamkalisha. Bibi wakajipanga huku na huku, mpishi nyuma, na mkono wake wenye unga ukatua begani kwa mzee, kwenye koti lake la safari. Hakujua aweke wapi mikono. Binti akainama kwenye kamera.

"Baba, kidevu juu kidogo."

Akajaribu. Kidevu kikawa kinatetemeka.

"Hapo hapo," binti akasema. "Sasa pumua."