Glasi Sita na Maji ya Kusuuza

Ofisini tunamwita Mjomba, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa na dada yake. Ana miaka hamsini na sita na kazi yake ni kuchanganya kokteli. Usifikirie baa. Hii ni ofisi ya kuuza safari, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia. Mteja anayetaka kwenda kupumzika kwenye visiwa vya joto lakini hajui kipi, anakalishwa kwenye kochi la kijani, kisha Mjomba anamletea trei yenye glasi sita ndogo. Kila glasi ni kokteli ya kisiwa kimoja, vile wanavyoinywa wenyeji wa huko: hii ya nazi na ramu, hii ya ukwaju, hii ya nanasi na tangawizi. Pembeni kuna glasi ya saba, maji matupu, ya kusuuza ulimi.

Mteja hatumuulizi amependa nini. Tunamwacha, tunajifanya tuna shughuli, halafu tunatazama trei. Glasi iliyokauka ndiyo safari yake. Mtu kwa mdomo anaweza kukudanganya, atakutajia kisiwa alichokwenda jirani yake, lakini glasi haina haya. Mimi nakaa meza ya pili, najaza fomu na kugonga mhuri, na kwa miaka tisa sijaona glasi ikikosea.

Sasa Meneja wetu, mtu mwenye mkono wa birika, ana zawadi moja tu kwa wafanyakazi. Ukitimiza miaka ishirini unapata wiki moja ya safari, wewe na mwenzio, popote kwenye orodha. Una miezi mitatu ya kuchagua, ikipita, imepita. Mjomba alitimiza, na nilidhani ataruka. Likizo hajaionja tangu mwaka wake wa nne kazini, maana kila akiomba anaambiwa, "Ukienda, nani atachanganya?" Jumapili, siku pekee anayoshinda nyumbani, analala na viatu miguuni. Mtu yuko hoi.

Lakini miezi ikayoyoma na Mjomba hajachagua. Ikabaki siku moja, Ijumaa.

"Mjomba, chagua basi," nilimwambia. "Hata kwa kufumba macho."

"Mpwa wangu, nichague kipi? Hii ya nazi nikiinusa namwona yule mwalimu aliyerudi na jicho limevimba kwa mbu. Ya ukwaju, wale wachumba waliokwenda pamoja, kila mmoja akarudi na ndege yake. Ya nanasi ndiyo usiniambie, yule bwana alinishika shati kwa sababu mvua ilinyesha wiki nzima, kama vile mimi ndiye niliyeimwaga." Akapangusa kaunta ambayo ilikuwa safi. "Visiwa vyote navijua kwa malalamiko. Nimechoka navyo kabla sijavifikia."



Saa saba mchana akaingia mkewe. Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na siku hiyo alikuwa bado na pini tatu kwenye kola. Hakumsalimia mumewe. Alimwambia Meneja, "Shikamoo. Nimekuja kama mteja. Zawadi ni ya watu wawili na mimi ndiye wa pili, kwa hiyo nionjeshwe nichague." Meneja akamkaribisha kochini, angefanya nini.

Mjomba akachanganya. Alipima kila kitu kwa kikopo chake kidogo, akapanga glasi sita na ile ya maji, akaleta, akabaki amesimama.

"Kaa," mkewe akasema.

"Mama watoto, sisi hatukai kochi la wateja."

"Mteja anataka mtu wa kukaa naye."

Akakaa ukingoni, kama anayesubiri kuitwa kwa daktari. Mkewe akaonja ya kwanza, akasema tamu. Ya pili akasema inakwaruza. Alipofika ya tatu Mjomba alikuwa ameegemea, na ya nne ilipoguswa alikuwa amelala fofofo, kitambaa cha glasi begani, mdomo wazi. Miaka tisa, ndiyo mara ya kwanza kumwona ameketi mle ofisini.

Mkewe hakumwamsha. Aliirudisha ya nne, akachukua maji, akawa anayanywa kwa mafunda madogo huku akimtazama. Wateja wawili walikuja, nikawaambia warudi kesho. Saa kumi kasorobo Meneja akatoka chumbani kwake.

"Umechagua, mama?"

Akaigeuza glasi ya maji juu chini. Haikudondosha hata tone. "Kanuni yenu si hii?"

"Hayo ni ya kusuuza tu."

"Nimeyamaliza. Miaka kumi na sita naletewa mtu aliyelala. Namtaka akiwa macho, nyumbani kwangu, wiki nzima."

"Nyumbani hakumo kwenye orodha."

Hapo nilikasirika, sifichi. Nilivuta fomu, penye neno "mahali" nikaandika nyumbani kwao, siku saba, watu wawili, nikagonga mhuri. Nikamwambia Meneja, "Umeokoa tiketi mbili na hoteli." Akasoma mara mbili, akatia sahihi. Alinong'ona tu, "Nani atachanganya?" Nikamwambia mimi.

Mlio wa mhuri ndio uliomwamsha Mjomba. Alikurupuka, akaomba radhi, akauliza kama mteja amechagua. Kisha akaitazama trei, maana ndiyo kazi yake. Akapita glasi sita zote, akafika ile ya saba. Akaiinua, kavu. Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

"Lakini wewe ulikuwa unaitaka bahari," akamwambia mkewe.

"Naitaka mpaka leo. Ningeenda na nani, huyu aliyekuwa anakoroma?"

Mjomba akashika trei aende kuosha. Mkewe akamtoa trei mikononi, akaiweka mezani kwangu, akampa mumewe koti lake.