Vitenge Ambavyo Sikuviandika

Jambo lile lote lilitugharimu nyumba ya vyumba vitatu, cherehani moja kati ya mbili, mwaka wangu mmoja wa shule, na mazungumzo ya Papa na Maman kwa muda ambao nimejaribu kuuhesabu mara mbili na kila mara nikapata jibu tofauti. Machozi sikuyaweka kwenye jumla kwa sababu hayana bei sokoni. Naanza na gharama kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Kwetu hakuna aliyesifu kitambaa kabla ya kuuliza bei, na aliyekisifu kwanza alilipa zaidi, ikawa haki yake.

Nyumba ile ilinuka mafuta ya cherehani, mkaa wa pasi, na ule mvuke wa kitambaa kipya kilichonyunyiziwa maji kabla ya kunyooshwa. Ilikuwa Kamembe, Rwanda, mtaa wa Waswahili, na kukiwa hakuna ukungu uliweza kukaa barazani ukaona bati za Bukavu, Zaire, ziking'aa ng'ambo ya ziwa. Papa alikuwa fundi wa suruali. Kila siku baada ya sala ya alasiri wanaume walikusanyika kwenye baraza lake, wengine na nguo za kushonwa, wengi na midomo tu, na kazi yao ilikuwa kulinganisha nchi. Walizishika nchi kama wanavyoshika vitambaa, wakazikunjakunja vidoleni, wakaziangalia upande wa nyuma. Mmoja wao, ambaye safari yake ndefu maishani ilikuwa kwenda kuzika huko Giheke, mwendo wa asubuhi moja, aliwahi kuyapanga majeshi ya Ulaya yote kwa nguvu, na hakuna aliyempinga isipokuwa kwenye nafasi ya tatu.

"Zaire iko na ndege za vita," alisema mtu siku moja. "Siye tuko na nini?"

"Tuko na viatu," akajibu Papa, sindano mdomoni. "Na bale ba ndege, balilipwa mwezi gani?"

Ilikuwa miaka ya themanini, nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mchezo huu ulikuwa wa bure hadi siku baba mdogo Ramazani, ndugu yake Papa aliyeishi Bukavu, alipovuka daraja la mpakani akiwa amevaa koti la suti. Alikuwa amepata chumba kikubwa karibu na soko la Kadutu, cherehani tano zinaweza kuingia. Alichokosa ni mtaji, na mtaji aliuona umesimama mbele yake ukiwa na milango mitatu na mparachichi uani. Uza, alisema, njoo tushirikiane. Papa akapenda. Maman hakupenda. Siku tatu walizungumza kwa kupitia sisi watoto, mwambie baba yako, mwambie mama yako, na mimi nikawa natembea kati ya jikoni na baraza mpaka miguu ikajua njia bila macho.

"Kule nitaenda kufanya nini, Baba Hadija?" Maman alisema mwishowe, yeye mwenyewe. "Hapa niko na batu bangu."

"Hatugombane," akasema Papa. "Tutapima. Hadija, leta kaye."

Kaye ni daftari, nami ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri na sifa ya kuhesabu chenji mara mbili mbele ya muuzaji bila aibu. Papa alichora mstari katikati ya ukurasa kwa chaki ya fundi, Rwanda huku, Zaire huku, akaniamuru niandike pembeni mambo matano yaliyokuwa yakipigiwa kelele barazani kila siku: jeshi, siasa, historia, hali ya hewa, uchumi. Nilipewa wiki tano, wiki moja kwa kila jambo. Nchi itakayoshinda ndiyo tutakayoishi. Maman alikubali pia, na sasa najua kwa nini. Aliamini mtoto wake anayehesabu mara mbili hawezi kukosea.

Jeshi lilikuwa rahisi. Nilivuka na Maman siku mbili za soko, nikahesabu askari kwenye vizuizi vya daraja la Rusizi: kwetu wanne, kwao kumi na mmoja. Zaire ikachukua. Haikunipitia akilini kuandika kwamba wale kumi na mmoja walikuwa na mikono ishirini na miwili, na kwamba kila mara kikapu cha Maman kilifika ng'ambo kikiwa chepesi kidogo. Siasa ilikuwa sare. Kila upande chama kimoja na picha moja ukutani, na nilipomuuliza Papa ipi ni kubwa zaidi aliniambia niandike sare na nifunge mdomo. Historia niliichukua barazani, ambako ilitegemea nani amenunua chai, na wiki ile chai ilinunuliwa na mtu aliyewajua wafalme wa zamani wa Rwanda kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo Rwanda ikashinda. Hali ya hewa nilisimama kwenye mvua pande zote mbili. Wingu lilikuwa lile lile. Sare. Nchi zikawa zimefungana moja kwa moja, na uchumi ndio uamue kama tunalala nyumbani kwetu au kwa watu.

Wiki ile sikutulia. Usingizi ulikuwa unakatika, chakula nilikiacha, na shuleni mwalimu aliniita mara mbili nisisikie. Alfajiri ya siku ya soko nilishuka na Maman nikaketi kwenye jiwe karibu na kizuizi chetu, kaye magotini. Wanawake walikuwa wanateremka kutoka vilimani, kutoka Gashonga, kutoka Nkungu, vikapu vya maharage kichwani, ndizi, mihogo, kuku wakining'inia vichwa chini wakiutazama ulimwengu kwa mshangao. Nilihesabu vikapu mia moja na kumi na vinne, nikahesabu tena wakiwa juu ya daraja. Sheria ya hesabu nilikuwa nimefundishwa na Papa dukani: kinachotoka kinapunguzwa, kinachoingia kinaongezwa. Nikavitoa Rwanda vyote mia moja na kumi na vinne, nikavitia Zaire. Kisha nikavuka nikaona soko la Kadutu lilivyojaa, nikaongeza samaki, mafuta ya mawese, na redio zilizopangwa kama matofali. Jioni nilirudi kwenye jiwe langu nihesabu kinachorudi kwetu. Vikapu vilirudi vitupu. Nikaandika sifuri.

Hapo ndipo penye kosa, na kosa lenyewe halikuwa la kutojua. Wanawake wale walishuka asubuhi wembamba wakapanda jioni wanene. Chini ya kitenge walichovaa palikuwa na kitenge kingine, na chini yake kingine, vimefungwa kiunoni kimoja juu ya kimoja ili watu wa duani, yaani forodha, wasivitoze ushuru. Maman mwenyewe alikuwa akirudi na vinne, siku nzuri vitano, akitembea taratibu kama mjamzito. Wateja wake walikuwa wake za watu wa Kamembe, waliomlipa kidogo kidogo, na yeye peke yake ndiye aliyejua nani amebakiza nini. Mimi ndiye niliyemfungua mafundo usiku. Nilijua uzito wa vitenge vinne. Lakini alikuwa ameniambia toka nikiwa na miaka saba, "Weye, macho yako iko ya kuona, haiko ya kusema," na kaye ile ilikuwa ya kusomwa mbele za watu. Nikaiacha sifuri ikae. Nilijiambia nitamnong'oneza Papa pembeni, kabla ya siku ya kusoma.

Sikuwahi. Papa alikuwa amekwenda Bukavu kukiona kile chumba, akarudi na baba mdogo mapema kuliko alivyosema, akaniambia nisome pale pale. Barazani walikuwepo wote wa kila siku, alikuwepo mfanyabiashara wa chumvi aliyeitaka nyumba, na kwenye kiti cha wateja, akisubiri suruali yake ifupishwe, alikuwepo Patroni, ndivyo tulivyomwita, mkubwa wa duani pale darajani. Maman alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Nikasoma jeshi, wakacheka. Nikasoma siasa, wakatazama viatu vyao. Nilipofika kwenye uchumi nikasoma vinavyotoka mia moja na kumi na vinne, vinavyoingia sifuri, nikainua macho nikakutana na ya Maman. Alinitazama mimi, akamtazama Patroni, akatazama vikombe vyake. Alikuwa na neno moja tu la kuokoa nyumba, na lilikuwa neno ambalo lingewapeleka yeye na nusu ya wanawake wa mtaa ofisini kwa Patroni kesho yake.

"Huyu mutoto anahesabu muzuri," akasema Patroni. "Hata mimi kila siku naona vile vikapu vinarudi bule."

Zaire ilikuwa imeshinda, watu wakapiga makofi. Papa akampa mfanyabiashara wa chumvi mkono hapo hapo. Maman aligawa chai, kila mtu na sukari yake, hakukosea hata kikombe kimoja.

Nilimwuliza usiku kwa nini asimwambie Papa sasa, wageni wameondoka. Alikuwa akikunja nguo. Alisema mkono umeshatolewa mbele za watu, na Papa si mtu wa kuurudisha. Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa kwa miaka mingi: Papa anaamini nyama ya Ijumaa inatoka kwenye cherehani yake. "Umuache aamini. Muntu anashona vizuri akiwa na moyo." Akaniapisha nisimwambie kamwe.

Tulihama kabla ya mvua kubwa. Kule Kadutu Papa alishona suruali nyingi kuliko Kamembe, na nyama ikatoweka. Yeye hakuelewa, na alilipigia hesabu jambo hili kila jioni kwa sauti: wateja zaidi, cherehani zaidi, nyama iko wapi? Askari walichukua suruali wakasema watalipa mwezi ukiisha, na mwezi haukuwa unaisha. Pesa nayo ilikuwa inapungua nguvu ikiwa mfukoni, kama barafu. Lakini mimi na Maman tulijua kilichopungua kwanza. Biashara yake haikuwa vitenge. Ilikuwa daraja, pamoja na wale wake za watu upande wa pili, na sasa alikuwa amehamia upande ambako kitenge hakikuwa ajabu ya mtu yeyote. Siku moja nilimkuta amesimama sokoni mbele ya mwanamke wa Gashonga niliyemhesabu mimi mwenyewe, kikapu cha saba au cha nane, akinunua kwake maharage ya kwetu kwa bei ya ugenini. Hakuniangalia. Alishusha bei mara tatu, akalipa, tukaondoka.

Tulirudi baada ya kiangazi cha pili, cherehani ya pili ikiwa imeuzwa, tukapanga chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu ya zamani. Nilirudishwa darasa moja. Maman alianza tena kushuka asubuhi mwembamba, na baada ya wiki chache nyama ikaonekana Ijumaa. Papa akasema mnaona, cherehani imezoea hewa ya nyumbani. Kuhusu Bukavu alikuwa na sentensi moja, nayo hakuibadilisha: mahesabu yalikuwa sawa, watu ndio hawakuwa sawa. Yaliyokuja kuzipata nchi hizi mbili miaka iliyofuata hayakuwa na safu katika kaye yoyote, na siwezi kuyapima hapa.

Maman alifariki miaka mingi iliyopita akiwa na siri yake. Papa yupo. Amepita themanini, anaishi kwangu, macho hayaoni tundu la sindano lakini masikio ni ya mbwa mlinzi. Kamembe imejaa magorofa na pikipiki, wanawake wanavuka na karatasi za vyama vyao vya ushirika, na barazani hawahitaji tena mtu wa kununua chai ili historia ishinde, kwa sababu simu inawapangia nchi zote kwa vifaru na ndege, nani wa kwanza, nani wa mia. Mtoto wa ndugu yangu, Yusufu, ambaye anaendesha pikipiki ya abiria, anataka kuuza kiwanja chake akahamie Zambia na mkewe na watoto watatu. Jumapili iliyopita alikuja na simu yake kwa Mzee, ndivyo tunavyomwita Papa sasa. Akamsomea jeshi, siasa, historia, mvua zinavyonyesha, uchumi. Mzee alifurahi kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu Ramadhani.

"Ndo hivi tulifanya siye," alimwambia. "Pima, mutoto wangu, halafu kata. Bibi yako hakuwa na neno hata moja."

Mke wa Yusufu, Salima, alikuwa amekaa karibu na mlango. Anauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, huku na ng'ambo, na najua ni nani anayelipa shule ya wale watoto kwa sababu nimemwona akilipa, akihesabu noti mara mbili kama mimi. Yusufu haijui hesabu hiyo, au anaijua kama Papa alivyoijua. Salima hakuulizwa neno. Alikuwa akimenya machungwa, na macho yake yalikwenda kwa simu, kwa mumewe, yakarudi kwenye kisu.

Jumapili hii wanarudi kumaliza. Mnunuzi wa kiwanja atakuwepo. Tangu siku ile sijakaa kitini dakika kumi mfululizo, nazunguka ua, nafagia palipofagiliwa. Nikisimulia ya vitenge, Salima ataweza kusema na yake, na mzee wa miaka zaidi ya themanini atajua kwamba mkewe ndiye aliyemlisha nyama, na kwamba binti yake alisimama mbele yake akasoma sifuri akijua si sifuri. Tena nilikula kiapo, na niliyemwapia hayupo wa kunifungua. Nikinyamaza, yatauzwa tena yale yale, mara hii na watoto watatu juu yake. Nimelipima jambo hili pande zote na mizani haitulii. Wewe unayesoma, ambaye humdai Papa wala hudaiwi na Maman, naomba unishauri: niseme mbele za watu, nimwambie Papa peke yake kwanza, au nimwite Salima jikoni nimwachie yeye aamue? Niambie kabla ya Jumapili.