Nesi wa Pamba na Mikono ya Mama Somoe

Siku niliyoripoti kazini Newala, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ngazi za hospitali, na mimi nilikuwa na sare mpya iliyopigwa pasi ya mkaa na kiburi kipya vilevile. Nilitegemea kupewa sindano, pengine wodi ya wazazi, mahali ambapo nesi anaonekana kuwa nesi. Mratibu wa ukoma wa wilaya, ndiye aliyekuwa bosi wangu, alinipa kipande cha pamba. Basi. Alikinyofoa kwenye bunda, akasokota ncha yake ikawa nyembamba kama unywele wa mtoto mchanga, halafu akaniambia nikae kwenye benchi la wagonjwa.

"Fumba macho," akasema. "Nikikugusa, nionyeshe kwa kidole hapo nilipogusa."

Niliona ananichezea. Lakini alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, na sifa za hasira zake zilishanifikia kabla sijafika mwenyewe, kwa hiyo nilifumba. Akagusa mgongo wa mkono, nikaonyesha. Akagusa shavu, nikaonyesha. Akagusa kiganja kidogo mno, hata sikuwa na hakika, na kidole changu kikaenda palepale. Nilipofumbua macho aliniuliza nani aliniambia. Nikamjibu hakuna aliyeniambia, nilihisi tu. Akasema hilo neno "tu" niliache nje ya lango la hospitali, nisiliingize tena.

Ndivyo nilivyoanza, na watu wa Newala hawakuchelewa kunipa jina: Nesi wa Pamba. Wenzangu wakibeba mabomba ya sindano, mimi nilizunguka na pamba mfukoni na kalamu ya wino, kwa maana pamba inapima mguso mwepesi na ncha ya kalamu inapima mkandamizo. Watoto walinifuata wakitaka kuguswa. Nyie mnaoanza kazi leo mnacheka, najua. Chekeni, ila someni mpaka mwisho.

Mratibu alinifundisha kidogo kidogo, tukiwa njiani na pikipiki yake kuelekea Tandahimba, akipiga kelele dhidi ya upepo. Alisema ngozi imejaa vipokezi, yaani vijisehemu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja kina kazi yake. Kuna cha mguso, cha joto, cha baridi, na vile vinavyoamka pale tu mwili unapoumizwa. Kila kipokezi kina uzi wake. Nyuzi hizo zikikusanyika ndizo zinaitwa mshipa wa fahamu, na mshipa huo unapanda mkono mzima mpaka kwenye ugwe mgongo, ule uzi mnene unaopita ndani ya mifupa ya uti. Nyuzi za mguso ni nene na zimevikwa mafuta, habari yake inakimbia. Nyuzi nyingi za maumivu ni nyembamba, habari yake inajikokota. Ndiyo maana ukijigonga kidole cha mguu kwenye kizingiti unajua kwanza kwamba umegonga, halafu unapata nafasi ya kusema "mama yangu," halafu ndipo maumivu yenyewe yanafika. Nilipoambiwa hivyo nilienda nyumbani nikajigonga makusudi. Ni kweli kabisa.

Nilidhani basi nimeshajua. Kisha akaletwa mkulima mmoja aliyeanguka kutoka juu ya mkorosho akipunguza matawi, akaangukia kisiki chenye ncha kikamchoma mgongoni, kushoto kidogo ya uti. Alipona kidonda, lakini miguu yake ikawa kama ya watu wawili tofauti. Mguu wa kushoto ulikuwa dhaifu, na akifumba macho hakujua kama nimeukunja au nimeunyoosha, lakini nikimchoma na pini aliruka. Mguu wa kulia ulikuwa na nguvu zake zote, ila pini hakuihisi hata nikimdunga. Ndugu zake walishaanza kunong'onezana mambo ya kurogwa. Mimi mwenyewe, nesi mwenye cheti, nilianza kuwaelewa.

Mratibu alimpima bila haraka, halafu akanichorea kwenye boksi la glavu. Habari ya mguso na ya mkao wa kiungo ikiingia kwenye ugwe mgongo inapanda upande uleule ilikoingilia, na inavuka ng'ambo ikishafika kwenye shina la ubongo, huku juu shingoni. Habari ya maumivu na joto haisubiri. Inavuka karibu palepale inapoingia, na kupandia upande wa pili. Kisiki kilikata nusu ya kushoto. Kwa hiyo kilikata njia ya nguvu na ya mguso ya mguu wa kushoto na njia ya maumivu ya mguu wa kulia, kwa pigo moja. Kule juu njia zote mbili zinapita kwenye thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, kama stendi ambayo kila basi lazima liingie, ndipo zinasambazwa kwenye gamba la ubongo ambako mwili mzima una ramani yake. Na katika ramani hiyo, akaniambia, vidole na midomo vimepewa eneo kubwa kuliko mgongo wote.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilitaka kulia na sikuwa na huzuni yoyote. Nilikuwa nimeishi na huu mwili miaka yote hiyo, nimeuogesha, nimeuvisha, nimeulalamikia, na kumbe ndani yake kuna barabara zinazopishana na mimi sijawahi kuambiwa.

Baadaye nilihamishiwa Masasi, na jina langu likanifuata. Bosi wangu huko alikuwa Mganga Mfawidhi wa hospitali, mama mmoja mpole wa sauti lakini huwezi kumpita na uongo. Hapo ndipo nilipokutana na Mama Somoe.

Aliletwa kutoka Chiungutwa kwa bodaboda, amempakata binti yake Somoe ambaye alikuwa bado ananyonya. Mtoto alikuwa ameungua makalio na miguu kwa maji ya kuogea. Nyuma yao, kwa bodaboda nyingine, alikuja mjomba wake Mama Somoe, kaka wa marehemu mama yake. Kwetu huku mjomba ndiye mwenye neno, mnajua. Na huyu hakuja kumpa pole. Alisema mbele ya wodi nzima kwamba mama anayemtumbukiza mwanawe kwenye maji ya moto hana moyo wa mama. Mtoto akishapona atapelekwa Nanganga, akalelewa na dada mkubwa wa Mama Somoe. Neno lake lilikuwa limeshatoka.

Mama Somoe hakujitetea. Alirudia jambo moja tu: niliyakoroga maji kwa mkono, yalikuwa vuguvugu. Kila aliyemsikia aliona anadanganya, maana ngozi ya mtoto ilikuwa imeshajibu.

Mganga Mfawidhi alimtazama mikono. Ilikuwa na makovu, mapya na ya zamani, na vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho. Akamuuliza kazi yake. Kabla hajajibu, mjomba alijibu yeye, na hapo sauti yake ikabadilika ikawa ya mtu anayesifu kilicho chake. Alisema huyu ndiye mkaangaji hodari kuliko wote pale kijijini. Korosho zikiwaka moto kwenye bati wengine wanakimbilia fimbo na majivu, yeye anaokota kwa vidole. Mafuta yale yanayobabua ngozi za watu, yeye hayamwambii kitu. Mikono ya chuma, walimwita. Msimu ukifika majirani walikuwa wanakuja kumtazama, na mjomba mwenyewe alikuwa akiwaleta wageni.

Mganga Mfawidhi akasema taratibu, "Niitie Nesi wa Pamba."

Nilikaa na Mama Somoe kwenye benchi, nikamwambia afumbe macho. Nilianza na mkono wa kushoto, akaonyesha kila mahali. Nikahamia wa kulia. Nikagusa kidole cha mwisho, akasubiri. Nikagusa cha kati, akasubiri. Nikagusa kiganja, nikakandamiza kwa kalamu, na yeye amefumba macho kwa utiifu kabisa, ananisubiri nianze. Jamani, nimeona mengi katika kazi, lakini uso ule wa kusubiri sijausahau. Kwenye kiwiko mshipa wa fahamu ulikuwa umevimba kama kamba ya kisima, na wa kwenye kifundo cha mkono vilevile. Juu ya mkono kulikuwa na baka lililopauka ambalo yeye alilidhania fangasi.

Mjomba alikuwa amesimama anatazama. Alininyang'anya kalamu, akakandamiza mwenyewe kile kidole, kwa nguvu. Mpwa wake hakutikisika. Mzee aliiacha kalamu ikaanguka.

"Mzee wangu," Mganga Mfawidhi akamwambia, "maji yalikuwa ya moto. Mkono haukumwambia."

Ukoma hauli vidole kama watu wanavyosimulia. Kidudu chake kinapenda mishipa ya fahamu, na mwili ukipigana nacho, mshipa unavimba na nyuzi za ndani zinabanwa. Joto ndilo hupotea mapema, kisha maumivu, kisha mguso. Kidole kizima, damu inapita, ngozi ipo, lakini barabara imekatika na hakuna habari inayofika juu. Tuliposema jina la ugonjwa mjomba alirudi nyuma hatua, na nilimwona anapambana na hofu yake. Tukamweleza kwamba akishaanza dawa hamwambukizi mtu, wala mtoto hakuzaliwa nao. Aliondoka, nami nikajua amekwenda kupanga ya Nanganga.

Kesho yake alirudi na yule dada mkubwa, na mzigo wake kichwani. Mtoto haendi popote, alisema mjomba. Dada ndiye anahamia Chiungutwa, yeye ndiye atapima maji ya kuogea mpaka mkono wa mwenzake urudi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama utarudi.

Mganga Mfawidhi alimwambia ukweli: mshipa uliobanwa kwa muda mfupi unaweza kupona, uliokaa sana haurudi, na hatujui huu umekaa kiasi gani kwa sababu kila mtu alikuwa anaupigia makofi. Alimpa Mama Somoe dawa za ukoma, na vidonge vya kutuliza uvimbe wa mshipa vinavyopunguzwa polepole, akampiga marufuku moto na korosho.

Somoe alipona, akabaki na alama mguuni. Mimi nilikuwa naenda Chiungutwa kila mwezi na pamba yangu. Fumba macho. Hakuna. Mwezi mwingine, hakuna. Msimu wa korosho ukaja, moshi ukatanda kijijini, na Mama Somoe akakaa mlangoni mikono imelala mapajani, mwanawe mgongoni kwa mama yake mkubwa. Aliniambia kinachomuuma si kuacha kazi. Kinachomuuma ni kwamba anamshika Somoe kwa mkono wa kulia na ni kama amemshika mtoto wa jirani. Nikajifanya naifunga vizuri mifuko ya dawa.

Kisha siku moja aliniambia kuna wadudu wanatembea kwenye kiganja. Hapakuwa na wadudu. Nilimwambia anyamaze asitangaze, maana mshipa unaoamka huanza hivyo, nami nilikuwa naogopa kutumaini kuliko yeye.

Ziara iliyofuata sikumkuta nyumbani. Nilimkuta njiani anakuja kunipokea, karibu anakimbia, na mjomba nyuma anahema. Hata shikamoo hakunipa. Alininyooshea mkono wa kulia, kidole gumba kimefungwa kipande cha kanga.

"Nesi, jana nimemenya muhogo kisu kikanikata," akasema. "Nimelia. Nimelia mpaka dada akaja mbio."

Mjomba alikuwa anafuta macho kwa kofia yake bila kujificha. Tukakaa pembeni ya barabara, nikatoa pamba. Gumba, akaonyesha. Cha shahada, akaonyesha. Cha kati, akaonyesha, akicheka huku machozi yanamtoka. Cha mwisho hakuonyesha, na hakijawahi kurudi hata leo. Nilimwambia afumbue macho, naye hakufumbua. Aliniomba nimguse tena.

Sasa nimestaafu. Watu wanakuja kunisalimia na kunilalamikia magoti, mgongo, meno, na mimi nawasikiliza, nawaambia waende hospitali, lakini moyoni nawapongeza. Kuna mtu ndani yao anayefanya kazi. Nimesoma, nimefundishwa, nimeyafuata maumivu kutoka kidoleni mpaka kwenye thalamasi na ramani yake, na bado sijampata wa kuniambia ni wapi hasa habari ile inageuka ikawa "naumia mimi." Nitakufa sijui, na sioni ubaya.

Mama Somoe huniletea korosho kila msimu. Anazibangua kwa fimbo na majivu kama watu wengine. Nikimkaribisha chai namwekea mezani kwenye kikombe cha bati, imechemka hasa, na simwonyi. Somoe mwenyewe, siku hizi ni mama mtu, hunigombeza kwa hilo. Mama yake anakishika kikombe kwa mkono wa kulia. Mkono unakiachia kabla hajajua kwa nini, maana ugwe mgongo umeshatoa amri ubongo ukiwa bado haujapata habari, kisha habari inafika juu, na naiona inavyofika usoni. Anapuliza vidole. Ananitazama.

"Bado kunauma, nesi," ananiambia, na anakinyooshea tena mkono.