Wimbo Ambao Sikumwambia Ni wa Nini

Sina moyo wa kusamehe, na sitajifanya ninao. Kwa miaka mingi nimefundisha nyimbo na maigizo katika shule ya msingi huko Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Nyimbo nilizipata kwa kina mama tuliokimbia nao kutoka Kivu ya Kusini, Kongo. Tukingoja zamu ya maji kisimani, wao waliimba, mimi nikaandika kwenye daftari.

Afisa mmoja wa utamaduni kutoka Mbarara aliliazima daftari hilo, akisema ni kwa wiki mbili. Lilirudi likiwa kitabu cha kung'aa, na jina lake juu ya jalada. Kwa kitabu hicho akapewa kiti kwenye kamati ya kuandika sera ya sanaa kwa shule za wakimbizi, kiti nilichokiomba kwa barua tatu. Nililia kwa hasira, kisha nikarudi darasani.

Siku moja akanipigia simu. Kamati ilikuwa inazindua sera yake katika ukumbi mmoja kule Kakoba, mjini Mbarara, na alitaka wanafunzi wa mjini waimbe.

"Mwalimu, ile wimbo ya mwisho kwa kitabu iko tamu sana. Inafaa kukaribisha wageni?"

Wimbo ule ni wa kuzika mtoto. Mama mzee aliyenipa alinikataza kuandika ni wa kazi gani, ndiyo maana kwenye daftari palikuwa na noti za muziki na maneno tu, kwa lugha ambayo afisa haijui. Kwetu, ukiimbwa, kila mwanamke aliyewahi kuzika mtoto hufungua kitambaa cha kichwa na kukaa chini, popote alipo.

"Ni mtamu kweli," nikamjibu. Dawa ya moto ni moto.

Siku ya uzinduzi afisa alileta kina mama wetu, nami pamoja nao, kwa basi ili wapambe ukumbi kwa vitenge vyao. Watoto walianza kuimba wakitabasamu. Mama wa kwanza akafungua kitambaa, akakaa sakafuni. Wa pili, wa tatu. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Kisha kilio kikapanda, na makofi yakafa.

Mwenyekiti wa kamati aliuliza huu ni wimbo gani. Afisa akanigeukia, jasho likimtoka. Nilisimama taratibu, nikaifurahia kila hatua hadi kwenye kipaza sauti.

"Muulizeni aliyeandika kitabu," nikasema.

Akakipekua kitabu chake mwenyewe mbele ya mwenyekiti, na kabla ya mwezi kwisha kamati ikamtoa. Kiti kile sasa ni changu, na jina lake limefutwa kwenye sera. Nilitamba wiki nzima.

Kisha nikarudi kisimani Rubondo na daftari jipya, nikamkuta yule mama mzee kwenye foleni ya maji, wenzake wakiimba.

"Mwalimu, ulijua kama huyo bwana ataimbisha ile?"

"Nilijua, mama."

Alilisogeza dumu lake mbele. "Mimi nilizika batoto bane. Juu ya mutu moja, ulinizikisha bote tena mbele ya bageni."

Nikamwambia mtu yule alituibia sisi sote. Alichota maji yake, akajitwika, akaondoka, na wanawake waliobaki kwenye foleni hawakuimba tena mpaka nilipoenda zangu.