Fito za Jiko la Mama Mkwe

Nilipoolewa, Kiswahili changu kilikuwa cha shambani. Kwetu tulizungumza Kibangubangu, na mti wowote mwembamba wa kushika mkononi mimi niliuita fimbo. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Kasongo mjini, alikuwa na neno lake kwa kila kitu.

Mwaka ule alikuwa akijenga jiko la kuta za udongo kwenye kiwanja chake Kabambare, na jirani yake alidai nguzo zimeingia kwake. Mimi, mume wangu na kaka zake wawili tulikuwa Lusangi, tukilima. Asubuhi moja akanipigia simu, sauti ikikatikakatika.

"Ambia shemeji zako walete fito. Leo leo."

Mtandao ukapotea. Nikatoka nje nikawaambia, "Mama anasema mulete fimbo. Leo leo."

Shemeji mkubwa akasimama. "Fimbo? Yule jirani amemugusa?"

"Sijui. Simu imekatika."

Hawakuuliza zaidi. Walikata fimbo tatu nene, tukapanda pikipiki mbili. Njia nzima nilimshika mume wangu kiunoni, nikasikia jinsi alivyokaza mwili.

Tulimkuta jirani mpakani, akifyeka majani. Alipoona wanaume watatu na fimbo zao aliacha kufyeka, lakini panga hakuliweka chini.

"Umemufanya nini mama yetu?" shemeji mkubwa akauliza.

Mama mkwe akatokea nyuma ya nyumba, mikono imejaa udongo. "Munataka kupiga nani? Fito ziko wapi?"

"Fito gani, mama? Ulituma tulete fimbo."

"Nilisema fito, za kufunga ukuta! Fimbo ni ya kupiga mutu!"

Wote wakanigeukia. "Ni mimi, mama. Nilizania ni kitu kimoja."

Shemeji mdogo akaangua kicheko. Jirani hakucheka. Alimtazama yule mkubwa.

"Kwa hiyo wewe, kuambiwa tu fimbo, umekuja kunipiga? Bila hata kuuliza?"

Mama mkwe akawaamuru watupe fimbo, akamwomba jirani radhi. Jirani akatikisa kichwa kidogo, akaingia ndani.

Kesho yake, kabla ya fito kufika, mama mkwe aling'oa mwenyewe nguzo za upande ule, akazisogeza hatua mbili ndani ya kiwanja chake. Jirani alisimama akitazama mpaka nguzo ya mwisho ikashindiliwa. Ilipita miezi kabla hajaitikia salamu yangu.